Mama ameambiwa damu haifiki vizuri nyuma ya jicho. Je, tumzibue mishipa?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, anaishi Tanga, ana presha na anatumia dawa. Alianza kulalamika kwamba jua likizama haoni vizuri ndani, na herufi za msahafu zinamchanganya. Tukampeleka kupimwa. Tumeambiwa si mtoto wa jicho, ni kuzorota kwa makula kunakoletwa na umri, aina kavu. Kwenye karatasi wameandika: druseni kubwa macho yote mawili, mabadiliko ya rangi jicho la kulia, mzunguko wa damu wa koroidi umepungua. Daktari akasema hakuna dawa, turudi baada ya miezi sita. Sasa nyumbani tumegawanyika. Mjomba anataka mama apigwe hijama, dada ameleta vidonge vya kuzibua mishipa kutoka Dubai, mwingine anasema apewe aspirini kila siku. Kama shida ni damu, si turudishe damu? Na je, mama atapofuka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mama mpe pole zangu.

Karibu kila familia inayosikia maneno "damu haifiki" hufika hapo mlipofika ninyi, kwa hiyo nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Ni kweli damu imepungua, aliyeandika hakukosea. Lakini haikupungua kwa sababu kuna mshipa ulioziba mahali fulani, kwa hiyo hakuna kitu cha kuzibua. Hijama, vidonge vya Dubai na aspirini havitarudisha damu hiyo. Yapo mambo mengine yanayopunguza uwezekano wa ugonjwa kusonga mbele, na nina wasiwasi kwamba wakati mkibishana juu ya hayo matatu, hayo mengine hayafanyiki.

Jicho lina njia mbili za damu. Ya kwanza ni mishipa inayotambaa juu ya retina yenyewe, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, ile daktari anayoiona akimulika kwa tochi. Hiyo hulisha tabaka za ndani za retina. Ya pili iko nyuma ya retina, kwenye tabaka linaloitwa koroidi, na huko ndiko sehemu kubwa ya damu ya jicho inakopita, zaidi ya robo tatu yake. Katikati kabisa ya makula, ambayo ni sehemu ya kati ya retina, pale tunaposomea na kutambulia sura za watu, kuna kijieneo cha takriban nusu milimita kisicho na mshipa hata mmoja, maana mshipa ungezuia mwanga. Seli za pale zinategemea koroidi peke yake. Na seli zinazopokea mwanga zina njaa isiyo ya kawaida: zinatumia oksijeni nyingi, na zinatumia zaidi gizani kuliko mchana.

Mnapozungumzia kuzibua, nadhani mnaona bomba kichwani. Kapilari za koroidi, yaani mishipa yake midogo kabisa ya damu, hazifanani na bomba. Zimetandazwa nyuma ya makula kama maji katika majaruba ya mpunga, kijaruba kwa kijaruba, na zinapopungua, hupungua kidogo hapa na kidogo pale. Ukiongeza nguvu ya maji huko juu, kijaruba ambacho kingo zake zimeshabomoka hakitarudi kushika maji.

Kati ya kapilari hizo na seli zinazopokea mwanga kuna vitu viwili ambavyo ndivyo kiini cha ugonjwa wa mama. Kimoja ni safu moja ya seli nyeusi, nitaziita seli za rangi. Kila siku zinameza karibu sehemu moja ya kumi ya ncha za seli zinazopokea mwanga, zinazichakata, na kutupa mabaki upande wa nyuma, kwenye damu. Seli hizi zikifa hatuoti nyingine. Cha pili ni utando mwembamba uitwao utando wa Bruch, ambao kila kitu lazima kiupite: chakula na oksijeni vikija, uchafu ukitoka.

Umri unavifanya nini? Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya macho ya watu waliofariki bila kuwa na ugonjwa wa makula, kuanzia watoto hadi wazee wa miaka zaidi ya 90. Utando wa Bruch uliongezeka unene kutoka maikroni 2 hadi 4.7 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Msongamano wa kapilari ulipungua kwa asilimia 45. Koroidi yenyewe ilisinyaa kutoka maikroni 200 hadi 80. Soma tena: hao walikuwa watu wasio na ugonjwa. Kwa hiyo kupungua kwa damu ya koroidi ni jambo linalotupata sote tukizeeka, na mimi nimo. Haliwezi kuwa ndilo ugonjwa peke yake. Linaandaa mazingira, kisha kuna kitu kingine kinaongezeka.

Kitu hicho ni druseni. Ni vilundo vya mafuta na protini vinavyokaa kati ya seli za rangi na utando wa Bruch. Mholanzi Donders alivieleza tangu 1855. Ukisikia mafuta utafikiri chapati na nyama. Hapana. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hutengenezwa hapo hapo na seli za rangi, zikashindwa kuyapitisha nje kwa sababu utando umekuwa mnene na kapilari za kuyapokea zimepungua. Mama kuacha nazi hakutayeyusha druseni hata moja.

Swali linalowagawa hata wataalamu ni hili: nani hufa kwanza, kapilari au seli za rangi? Hapa majibu yanavutia, na yanahusu mama moja kwa moja, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Robert Mullins na wenzake wa Iowa, Marekani, walipotazama macho yaliyotolewa na marehemu waliona mirija mitupu: ganda la kapilari lipo, seli za ndani zimekufa, damu haipiti. Jicho lenye druseni nyingi zaidi lilikuwa na mirija mitupu mingi zaidi. Waliona pia kwamba kuzunguka kapilari hizo kunajilimbikiza silaha ya kinga ya mwili, mkusanyiko wa protini unaotoboa kuta za seli. Hilo linaoana na ugunduzi wa 2005, kwamba watu wenye aina fulani ya jeni iitwayo CFH, inayotakiwa kuizuia silaha hiyo isipige nyumbani, wanapata ugonjwa huu zaidi. Kwa hiyo kinachoelekea kuua kapilari hizi ni kinga ya mwili iliyolegea lijamu, pamoja na umri. Damu nzito au uchafu kwenye mishipa, ambavyo ndivyo wauza vidonge wanavyosimulia, havimo katika hadithi hiyo.

Halafu kuna kazi ya McLeod na Lutty wa Johns Hopkins, 2009. Walilinganisha macho ya aina kavu iliyofika mwisho, ile ambayo mabaka ya retina hufa kabisa, na macho ya aina yenye majimaji. Kwenye aina kavu, seli za rangi zilitangulia kufa na kapilari zikafuata. Kwenye aina yenye majimaji ilikuwa kinyume: kapilari zilikuwa zimepotea mahali ambapo seli za rangi bado ziko hai. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu seli za rangi ndizo zinazotoa protini iitwayo VEGF, ambayo kapilari huitegemea ili ziishi. Seli za rangi zikifa, VEGF inakatika na kapilari zinanyauka. Zikiwa hai lakini zimekosa oksijeni, hutoa VEGF kwa wingi kuita msaada, na msaada unaokuja ni mishipa mipya dhaifu inayovuja maji na damu chini ya makula.

Mama yako yuko kabla ya njia panda hiyo. Upungufu wa damu ulioandikwa kwenye karatasi unaweza kuishia upande wowote, au usiishie popote kwa miaka mingi. Kwa upande mmoja hatuna mengi ya kufanya. Kwa upande wa pili tuna sindano nzuri sana, mradi tuwahi. Ndiyo maana "hakuna dawa, rudini baada ya miezi sita" ni ushauri nusu. Tarehe ni sawa. Kilichokosekana ni kuwaambia mtazame nini nyumbani katika hiyo miezi sita. Nitakuja huko.

Kwanza maneno machache juu ya kipimo kilichowaonyesha kwamba damu imepungua. Inaelekea ni OCT (picha ya tabaka za nyuma ya jicho inayopigwa kwa mwanga) ya mishipa, kipimo kilichoanza kuingia kwenye kliniki katikati ya miaka ya 2010. Hakina sindano wala dawa ya rangi. Mashine inapiga picha ile ile ya mahali pale pale mara kadhaa kwa haraka. Kinachobadilika kati ya picha na picha ni chembe za damu zinazotembea, basi panapotembea panang'aa na pasipotembea panabaki peusi. Ukiiangalia picha ya tabaka la kapilari za koroidi utaona kama mchanga wenye madoa meusi. Kijana ana madoa madogo madogo. Mzee ana makubwa zaidi, na chini ya druseni yanaongezeka.

Lakini doa jeusi linaweza kudanganya. Damu inayopita polepole mno haionekani kwenye mashine, ingawa ipo. Druseni kubwa hutupa kivuli nyuma yake. Mtoto wa jicho, machozi makavu, au bibi aliyechoka akapepesa macho, vyote hutia weusi. Katika utafiti, kwa wagonjwa wenye mabaka yaliyokwisha kufa, upungufu wa kapilari pembezoni mwa baka umeonekana kuendana na kasi ya baka kutanuka, ambalo kwa wastani hukua kati ya milimita za mraba 1.5 na 2 kwa mwaka. Hiyo ni elimu muhimu kwa watafiti. Kwa mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yangu, bado sijaona sababu ya kubadilisha matibabu kwa doa jeusi peke yake.

Kinachonipa namba ya kumwambia mtu ni yale maneno mengine mawili kwenye karatasi yenu: druseni na rangi. Upo utaratibu uliotoka katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao AREDS. Kila jicho linapewa alama moja kwa druseni kubwa, ya maikroni 125 au zaidi, na alama moja kwa mabadiliko ya rangi. Unajumlisha macho yote mawili. Alama 0, uwezekano wa kufika hatua ya mwisho katika angalau jicho moja ndani ya miaka 5 ni asilimia 0.5. Alama 1 ni asilimia 3, alama 2 ni 12, alama 3 ni 25, alama 4 ni 50. Mama ana druseni kubwa kulia na kushoto, na rangi imebadilika kulia: alama 3. Yaani kati ya wagonjwa 100 wenye macho kama yake, 25 watafika huko katika miaka mitano na 75 hawatafika. Waliopimwa wengi walikuwa Wazungu, kwa hiyo ichukue kama makadirio, lakini ni bora kuliko hofu isiyo na kipimo.

Na usikubali mtu awaambie huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Huko Nakuru, Kenya, watu wa miaka 50 na kuendelea walipimwa mwaka 2007 na 2008, na asilimia 11.2 walikuwa na dalili za awali na 1.2 hatua ya mwisho. Ni kidogo ukilinganisha na Ulaya, ila ni wazee wengi, na wengi wao huambiwa ni uzee tu.

Sasa hayo matatu ya nyumbani.

Hijama: najua kwa wengi ni sunna na siwagombezi. Ila damu ya koroidi inatoka kwenye mshipa wa shingo unaoingia ndani ya fuvu, ukatoa tawi la jicho, likagawanyika nyuma ya mboni. Chale za mgongoni hazina njia ya kufika huko. Kama mama anataka hijama kwa mambo yake mengine, sawa, asipigwe karibu na macho, na mpigaji aambiwe dawa zote anazotumia.

Vidonge vya kuzibua mishipa: sijui ndani yake kuna nini na ninyi hamjui. Mtu wa presha asimeze kitu kisichojulikana. Leteni chupa kwa daktari asome. Na wazo la kusafisha damu ili kuokoa makula si geni. Marekani walilijaribu kwa vifaa vya gharama, wakachuja plazma (majimaji ya damu) ya wagonjwa kwa mashine wakitoa protini kubwa na mafuta ili damu iwe nyepesi na ipite vizuri kwenye kapilari. Jaribio liliitwa MIRA-1. Halikuthibitisha faida. Walijaribu pia kuchoma druseni kwa leza kwa watu 1,052. Baada ya miaka mitano macho yaliyochomwa hayakuwa na nafuu kuliko yasiyochomwa, ingawa druseni zenyewe zilipungua. Kama mashine hiyo na leza hazikufua dafu, kidonge cha dukani kitafanya nini?

Aspirini: jaribio kubwa la Australia liliwapa wazee miligramu 100 kila siku kwa takriban miaka mitatu. Ugonjwa wa makula haukupungua wala kasi yake. Kwa mtu wa miaka 71 mwenye presha, aspirini ina hatari ya kutoka damu tumboni na kichwani. Kama daktari wa moyo amemwandikia kwa sababu ya moyo, asiache. Kama hajaandikiwa, msimwanzishie kwa ajili ya macho.

Yanayofaa ni haya. Sigara ndiyo adui anayejulikana vizuri kuliko wote. Inaongeza hatari mara mbili hadi nne. Umesema mama havuti? Hukusema. Kama kuna anayevuta ndani, avutie nje. Presha iwe imetulia, dawa zisirukwe. Atembee kila siku.

Vidonge vyenye ushahidi ni mchanganyiko mmoja tu, na mama ana sifa ya kuupata kwa sababu ana druseni kubwa. Kiwango chake kwa siku: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Katika utafiti wa 2001, kwa wagonjwa wa kundi la hatari, 28 kati ya 100 waliopewa vidonge bandia walifika hatua ya mwisho ndani ya miaka mitano, dhidi ya 20 kati ya 100 waliopewa mchanganyiko halisi. Luteini na zeaksanthini ziliwekwa badala ya beta-karotini baada ya utafiti wa pili wa 2013, maana beta-karotini huongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji. Zinki nyingi kiasi hicho huweza kuleta shida za njia ya mkojo, na haipendi kuchanganywa ovyo na dawa nyingine, hivyo daktari wake ajue. Mkienda duka la dawa, msinunue chupa kwa sababu ina picha ya jicho. Geuzeni, someni kiwango. Nyingi zina robo ya hayo niliyotaja kwa bei kamili. Na vidonge hivi havirudishi nuru iliyokwisha kupotea, mama aelezwe hilo mapema asije akavidharau baada ya mwezi.

Chakula kinasaidia ingawa hakifiki kiwango hicho: mchicha, matembele, kisamvu, vipikwe na mafuta kidogo au tui, kwa kuwa luteini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Tanga samaki wapo.

Kutokuona jua likizama nako kuna maelezo. Seli za kuonea gizani zinahitaji vitamini A itoke kwenye damu, ipite utando wa Bruch, ifike kwenye seli za rangi. Utando ukiwa mnene na kapilari pungufu, njia hiyo inakuwa nzito, na mtu akitoka kwenye mwanga kuingia gizani anachukua muda mrefu mno kuzoea. Mara nyingi hii ndiyo dalili ya kwanza kabisa, kabla hata kusoma hakujaharibika. Mama hajakosa vitamini A mwilini, kwa hiyo msimjaze karoti na vidonge vyake. Wekeni taa nyeupe yenye nguvu ukumbini, chooni na kwenye ngazi, na nyingine ya mezani inayoangaza kitabu kutokea ubavuni. Msahafu wa herufi kubwa upo madukani.

Sasa lile la kutazama nyumbani, na hili ndilo ningependa mlishike kuliko yote. Kila asubuhi mama avae miwani yake anayotumia, akae hatua chache kutoka kwenye dirisha lenye nondo, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibinya, atazame nondo moja ya katikati. Kisha jicho la pili. Ni lazima moja moja, kwa sababu jicho zima huficha kasoro ya mwenzake, na watu hukaa miezi bila kujua jicho moja limekwenda. Swali ni: je, nondo zimepinda? Kuna mahali pamekatika au pana wingu? Jana palikuwa hivyo? Kliniki tunayo karatasi ya miraba kwa kazi hii, iliyoachwa na Mswisi Marc Amsler, mwombeni daktari. Lakini dirisha la nyumbani halipotei.

Nondo zikianza kupinda, msisubiri ile miezi sita. Ni jambo la siku chache. Huenda mishipa mipya imeanza kuvuja, na hapo kuna sindano za kuzuia VEGF. Kabla hazijaja, tuliwatazama wagonjwa wakipoteza makula ndani ya miezi. Katika jaribio la 2006 la ranibizumabu, moja ya sindano hizo, iliyotolewa kila mwezi, karibu wagonjwa 95 kati ya 100 waliepuka kupoteza sana uwezo wa kuona, dhidi ya 62 wasiopewa, na theluthi waliona vizuri zaidi kuliko walivyoanza. Kuna bevacizumabu pia, dawa ya saratani ya utumbo ambayo daktari Philip Rosenfeld wa Miami aliwachoma wagonjwa jichoni mwaka 2005. Mwaka 2011 ikathibitika inalingana na ranibizumabu, kwa bei ya chini mara nyingi, na tangu 2013 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo tunayoitumia sana huku kwetu. Ulizieni mapema hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu nanyi kama wanayo na siku gani wanachoma, msije mkaanza kutafuta siku ya dharura.

Mama akisikia sindano ya jicho ataogopa, kila mtu huogopa. Unalala chali, unatiwa matone ya ganzi, jicho linasafishwa kwa ayodini ambayo ndiyo inayowasha kuliko sindano yenyewe, kope zinashikwa kwa kibano, na sindano nyembamba inaingia kwenye sehemu nyeupe, milimita tatu na nusu hadi nne kutoka kwenye duara jeusi. Ni sekunde chache. Shida ya kweli ni kwamba inarudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni.

Mtu makini ataniuliza: kama VEGF ndiyo inayoziweka hai kapilari, kuizuia si kuzimaliza? Ni swali halali. Katika jaribio lililolinganisha dawa hizo mbili, karibu jicho moja kati ya matano lilipata baka la kufa ndani ya miaka miwili, na waliochomwa kila mwezi walizidi kidogo. Bado, jicho linalovuja likiachwa linaharibika haraka kuliko hivyo, kwa hiyo tunachoma, tukijaribu kutozidisha.

Kwa upande wa mabaka makavu, Marekani iliruhusu sindano mbili mwaka 2023, pegisetakoplani na avasinkaptadi, zinazozuia ile silaha ya kinga niliyoitaja. Baka linapunguza kasi ya kukua kwa takriban moja ya tano. Mgonjwa haoni vizuri zaidi, sindano zenyewe huongeza uwezekano wa kupata aina ya majimaji, na kuna wachache waliovimba mishipa ya retina baada ya pegisetakoplani. Ulaya iliikataa dawa hiyo mwaka 2024. Mama bado hana baka. Msiuze kiwanja kwa ajili ya safari.

Mkikutana na kitu tofauti, yaani jicho linazimika ghafla, kwa dakika au moja kwa moja, kama pazia limeshushwa, hilo ndilo la damu kukatika kwa maana halisi. Ni kiharusi cha jicho. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama nuru imerudi, kwa sababu kiharusi cha ubongo huweza kufuata.

Atapofuka? Hata ugonjwa ukifika mwisho, unakula katikati. Pembeni kunabaki. Mtu hupoteza kusoma, kushona, kutambua uso wa anayemsalimia mlangoni, na hilo ni pigo kubwa sitalipunguza. Lakini hutembea nyumbani mwake, huona mlango, huona chakula kwenye sahani. Giza tupu halitoki kwenye ugonjwa huu. Mtoto wa jicho akiota baadaye, anaweza kufanyiwa upasuaji, makula mbovu si kizuizi.

Siku ya kurudi, mwulizeni daktari mambo matatu: ule upungufu wa damu ulionekana kwa mashine gani na picha ilikuwa safi kiasi gani, OCT ya kawaida ilionyesha majimaji au hapana, na namba ya simu ya kupiga nondo zikipinda kabla ya tarehe. Beba karatasi ya zamani, dawa za presha zote, na chupa ya Dubai. Na wewe mwenyewe na dada yako, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, mkifika 50 mpimwe nyuma ya jicho, kwa matone ya kupanua mboni.